Kipa Asiyeruka Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini sikukanda mguu wa mtu. Nilikanda unga. Chef wa stesheni ya Lubudi, ambaye pia alikuwa mkuu wa timu ya watu wa reli, aliniwekea mbele beseni la unga wa mikate wa mke wake, akanifunga macho kwa kitambaa, akaniambia nitafute madonge yote niyamalize. Nilitoka jasho mpaka mgongoni. Mke wake alicheka mpaka akakaa chini.

"Weye Kapenda, mikono yako iko na nguvu, lakini haina masikio," Chef aliniambia. "Mukandaji anasikiaka na bidole. Na kitu kingine: mutu akilala pa mesa yako, atakuambia mambo yake yote, ya bibi yake, ya baba mukwe, ya bulozi. Yote inabakia pa mesa. Kinywa ufunge."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ambayo Wafaransa huiita soigneur, na sisi huiita ukandaji. Ninyi vijana mkimwona mtu anakimbia uwanjani na mkoba begani mnadhani amekwenda kumwagia mchezaji maji ya baridi, basi. Hapana. Kabla ya mchezo unakanda haraka na kwa wepesi, ili damu iamke. Baada ya mchezo unakanda polepole ukielekea moyoni, kama unamrudisha mtu nyumbani. Msuli ukikaza, huupigi. Unasukuma vidole vya mguu kuelekea goti, unangoja. Kifundo kikiteguka unakifunga kwa bandeji ya kunata kabla hakijavimba, kwa sababu kikishavimba umechelewa.

Lakini kitu cha kwanza kabisa ni kupiga magoti. Mwamuzi akikuita, unakimbia, unapiga magoti yote mawili, unainama mpaka sikio lako lifike kinywani mwa mchezaji, kwa maana watu wanapiga kelele na yeye hana pumzi ya kusema kwa nguvu. Wengine huinama tu kiuno kama wanaokota sarafu. Hao si wakandaji, ni wapita njia. Nawaomba mkumbuke jambo hilo la magoti na sikio, maana bila hilo nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Kutoka Lubudi nilichukuliwa na timu ya mgodi upande wa Mutoshi. Mkubwa wangu pale alikuwa Injinia wa kinu cha kusagia mawe, mtu mrefu, mkali, mwenye kunawa mikono kila wakati. Alikuja kusimama nyuma yangu nikiwa kazini na kusema, "Kapenda, machine yenyewe tunapakaa mafuta mbele ya kuiwasha. Sasa mutu?" Alipenda miguu ya wachezaji kuliko wachezaji wenyewe. Mgodi ulipobadili wamiliki, timu ikafa, nami nikahamia Kolwezi mjini, kwenye timu ya kulipwa, yenye basi lake, yenye jezi tatu, yenye mashabiki waliotoka mashimoni na vumbi lao hadi kwenye viti. Wachimbaji wa mkono, hao tunaowaita bacreuseurs, ndio waliokuwa watu wetu. Tukishinda walikesha wakiimba.

Mkubwa wangu wa mwisho ndiye Prezida wa timu, mfanyabiashara wa vipuri vya magari makubwa. Alikuwa na tumbo la heshima na hasira ya karibu. Kocha alikuwa mtu wa Likasi, mpole, asiyemaliza sentensi zake. Na kipa alikuwa Kabulo.

Kabulo nilimpenda kama mwanangu, nasema bila aibu. Mikono mirefu, macho ya kusinzia, na akiruka ungesema kuna mtu amemtupa. Msimu uliotangulia timu zote za mkoa zilimtaka. Basi sikilizeni jinsi msimu uliofuata ulivyokwenda.

Tulifungwa mchezo wa kwanza nyumbani, bao moja, kona ya kushoto ya Kabulo. Hakuna aliyejali, mpira ndio huo. Tukafungwa wa pili, kona ileile, goli lilelile, lile la upande wa soko. Ugenini tulitoka sare na hata kushinda mara moja moja. Upande wa pili wa uwanja wetu Kabulo alidaka kila kitu, hata ndege angedaka. Lakini akisimama kwenye goli la upande wa soko, mpira wowote uliokwenda kushoto kwake aliutazama. Aliutazama tu, mikono imelegea, kama mtu anayetazama treni lisilo lake.

Hapo watu wakaanza kuona mambo. Walisema nyasi karibu na ule mlingoti wa kushoto zimekuwa manjano huku nyingine ni kijani. Ilikuwa kweli. Walisema mbwa wa mlinzi akifika pale huzunguka, hapiti. Hilo nalo lilikuwa kweli, nilimwona mchana kweupe, akitambaa pembeni na mkia ndani ya miguu. Beki wetu wa kushoto alilala kwenye meza yangu akaniambia, "Tata Kapenda, nikisimamaka pale, bunyayo bwangu bunasikia kitu. Sawa mutu anakugonga ku mulango."

"Ni viatu vipya," nilimwambia. Mimi ni mtu wa kanisa, na upuuzi wa dawa za mpira nimeuona miaka yote: yai la bata chini ya benchi, chumvi kwenye soksi. Niliwacheka sana.

Prezida hakucheka. Alisema adui amezika kitu chini ya ule mlingoti. Kuchimba alikataa, akasema ukikifukua kitakukamata wewe. Badala yake alimleta mama mmoja wa maombi, mwenye kilemba cheupe na sauti iliyofika barabarani. Mama yule akaagiza kwamba kabla ya kila mchezo ardhi ile inyweshwe maji ya maombi, mpaka kilichomo kilewe maji na kufa. Wakaleta mapipa. Waliyamwaga pale mbele ya watu, nayo ardhi iliyapokea. Hayakutuama, hayakutiririka. Yalizama palepale, pipa baada ya pipa, na udongo ukabaki na unyevu kidogo tu juu. Mashabiki walionyamaza siku ile sikuwahi kuwaona wakinyamaza kabla.

Kabulo alipoona maji alikimbia kutoka chumba cha kubadilishia nguo na soksi moja mguuni. "Président, nakulomba, hapana! Hapana mayi!" Alimshika mama yule mkono. Alilia, jamani. Kipa mkubwa kama yule alilia mbele ya mashabiki.

"Unaona?" Prezida akawaambia viongozi. "Mwenye kitu amejitaja mwenyewe."

Toka siku hiyo Kabulo akawa mlozi. Watoto hawakumpokea mkoba tena. Mkewe aliuziwa nyanya zilizooza sokoni, akirudisha wanamcheka. Kocha angemweka benchi, lakini kipa wa pili alikuwa amevunjika mkono, na wa tatu hakuwapo. Hivyo kila mchezo wa nyumbani Kabulo alisimama langoni huku mji mzima ukitazama mkono wake wa kushoto.

Nilijua ukweli katikati ya msimu. Alipigwa goti ubavuni kwenye mpira wa kona, akaanguka chini ya ule mlingoti. Mwamuzi akaniita. Nikapiga magoti, nikainama, sikio kinywani. Ndipo nikasikia, si kwa sikio kwanza bali kwa magoti: kugonga. Chuma juu ya jiwe, haraka haraka, kisha kimya, kisha tena haraka haraka. Kulikuwa kunatoka chini yetu. Nilikumbuka kila nilichokicheka, na sikuwa na kicheko hata kimoja.

Kabulo alinitazama. "Tata, umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi nyamaza."

Baadaye, akiwa juu ya meza na ubavu wake chini ya viganja vyangu, alinieleza. Mdogo wake, Trésor, alikuwa mchimbaji. Yeye na wenzake walifungua shimo ndani ya jiko la nyumba iliyo nyuma ya ukuta wa uwanja, wakashuka, wakafuata mshipa wa madini jinsi unavyokwenda. Mshipa haujui ukuta. Ulipita chini ya viti, chini ya kibendera cha kona, ukafika chini ya goli, nao wakaufuata. Mchana wa mchezo ndio waliupenda zaidi, kwa sababu kelele za mashabiki zilifunika nyundo zao.

"Pale kushoto, udongo iko muembamba," alisema Kabulo. "Trésor alinionyesha na mukono, vile. Mi niko kilo mingi, tata. Nikiruka nikianguka pale na nguvu yote, plafond ya shimo itabaangukia. Na mayi ile ya mama wa maombi inabamwangikia ku kichwa. Mudogo yangu iko mule. Mama yetu alikufa akinishikisha mukono ya Trésor."

"Umwambie Prezida."

"Nikimwambia, ataita bagarde, bale balinzi, leo leo. Batafunga shimo, na batu bako ndani. Unabajua, tata. Hawataulizaka nani iko chini."

Nilijua. Jambo kama hilo lilishasemwa mjini, la shimo lililozibwa kabla watu hawajahesabiwa. Nilimwambia amwondoe Trésor. Alijibu kwamba amemwomba, amemtukana, amempiga kofi. Mdogo wake husema wiki ijayo, na wiki ijayo ikifika ina wiki yake ijayo. Basi maneno yakabaki pa meza, kama nilivyofundishwa. Mzigo huo ulikuwa mzito, nanyi mtakaofanya kazi hii mjue kwamba mikono huchoka kwa mambo yasiyo ya misuli.

Tukafika mchezo wa mwisho. Tulihitaji sare tu. Tukifungwa tunashuka daraja, na timu iliyoshuka huku kwetu hairudi; basi linauzwa, wachezaji wanatawanyika, Kabulo anabaki na jina la mlozi hadi kaburini. Siku ya kuamkia mchezo alikuja kwangu uso wake umepona. Trésor alikuwa ameapa kwa jina la mama yao kwamba siku ile hakuna mtu atakayeshuka, hata mmoja. "Kesho nitaruka, tata," aliniambia. "Nitaruka kushoto mpaka bashangae." Nilimkanda mabega nikiimba, na mimi siimbi vizuri.

Kipindi cha kwanza alikuwa goli la mbali, akadaka mambo ya ajabu. Kipindi cha pili akaja goli la upande wa soko. Mashabiki wakanyamaza kumtazama. Shuti la kwanza likaenda kushoto. Akaruka. Ee Mungu, aliruka! Alianguka na mpira kifuani, na ardhi ikashika. Kwa mara ya kwanza msimu ule nilisikia uwanja ukilia kwa furaha, na Prezida akanikumbatia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa karibu.

Mchezo ulikuwa unakaribia kwisha, bila bao, wakati beki wetu wa kushoto alipomwangusha mtu ndani ya boksi. Penalti. Beki naye alikuwa ameumia, amelala karibu na ule mlingoti. Mwamuzi akaniita. Nikakimbia, nikapiga magoti, nikainama.

Kugonga kulikuwapo.

Ila hakukuwa kule kwa siku zote. Hakukuwa na haraka. Kulikuwa polepole, kugonga, kungoja, kugonga, kama mgeni kwenye mlango wa mtu anayemheshimu. Na hakukuwa kwa chuma. Nilijaribu kuusikia ubavu wa beki, nikashindwa kuusikia, kwa sababu vidole vyangu vyote vilikuwa vinasikiliza chini. Nilipoinua macho Kabulo alikuwa amesimama juu yangu, uso umemwisha damu.

"Aliapa," alinong'ona. "Trésor aliapa ku jina ya mama. Juu ya nini ameshuka?"

Mwamuzi alipuliza filimbi ya kunitoa, tukambeba beki. Sikuweza kugeuka kumtazama Kabulo, lakini niligeuka.

Mpigaji alipiga vibaya. Mpira ulikwenda kushoto, chini, polepole, ukidundadunda. Bibi kizee angeuzuia kwa kanga yake. Kabulo alisimama. Niliona mapaja yake yakitetemeka kwa nguvu ya kujizuia, mimi ninayeyajua mapaja yale. Mpira ukapita ukaingia, ukasimama ndani ya wavu.

Hakuna aliyerusha jiwe. Nilitegemea mawe, nayo yangekuwa nafuu. Mashabiki walisimama, wakageuka, wakatoka kimya, safu baada ya safu, hakuna aliyesukumana. Hata vumbi halikupanda. Kabulo alibaki langoni mpaka uwanja ulipokuwa mtupu, na Prezida akampitia bila kusimama. "Wewe, hapa kwetu, usirudi tena," alimwambia. Kesho yake Kabulo alipakia mke na watoto, wakaenda Lubudi kwa mjomba wake.

Mimi nilikwenda kumtafuta Trésor nikiwa na fimbo, nasema kweli. Nilimkuta uani mwa nyumba ile, nyuma ya ukuta, amekaa juu ya ndoo na wenzake.

"Weye mutoto wa namna gani?" nilimwambia. "Umeapa ku jina ya mama yako, kisha unashuka? Yaya yako Kabulo ameharibika juu yako!"

Alisimama. "Tata Kapenda, hatukushuka."

"Nimesikia na magoti yangu!"

"Hatukushuka. Shiye bote tulikuwa Mutoshi, tulisikiliza match ku radio. Uliza mama mwenye nyumba. Mulango wa jiko alifunga yeye, na ufunguo alikwenda nao ku misa." Alinionyesha kamba zao. Zilikuwa zimeanikwa, zimekauka ngumu, na buibui alikuwa ameshafunga wavu kati ya kamba na ukuta. Alianza kulia. "Juu ya nini hakuruka, tata? Shiye tulikuwa tunapiga kelele pale ku radio: ruka, yaya, ruka!"

Fimbo niliiweka chini. Niliuliza, basi nani alikuwa anagonga? Aliyejibu ni mkubwa wa wale vijana, mwanamume mwenye mvi za vumbi.

"Kule mwisho, chini ya goli, tulikuta mawe yenye kuanguka," alisema. "Ilikuwa njia ya batu ba zamani. Hatubajue. Udongo ulibafungia, hakuna mutu alibatoa. Tukipumzikaka, tunasikia kule nyuma. Polepole. Njo maana tulikuwa tunapiga haraka haraka, ili tusisikie."

Hawakushuka tena. Nao waliponiruhusu kufungua kinywa, nilikwenda kwa Prezida nikamwambia yote, kwa maana sasa hapakuwa na mtu wa kuzibiwa shimoni. Alinisikiliza na kalamu mkononi. Kisha akaiweka mezani.

"Kwa hiyo, Kapenda, tumeshuka daraja juu ya batu benye kufa zamani," alisema. "Na niende nibaambie mashabiki hivyo?"

Hakuwaambia. Lakini mvua zilipoanza ule mlingoti ulizama na kuinama, uwanja ukafungwa, na watu wa mji huu si wajinga. Maneno yakatembea yenyewe. Mkewe Kabulo angerudi leo sokoni angeuziwa nyanya nzuri. Timu haikurudi. Nami nikastaafu, kwa kuwa hapakuwa na wa kumkanda.

Watu huniuliza kama naikumbuka kazi. Naikumbuka. Mikono yangu ikikaa bure hutafuta fundo, hata mke wangu analalamika. Mkitaka ushauri wangu, ninyi mnaoanza, ni mfupi: msifanye haraka kumwita mtu mlozi kabla hamjapiga magoti pale anaposimama. Mengine mtafundishwa na daktari wenu mwenye mashine.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililobaki, nalo liliniogopesha kuliko ule ugongaji. Kabulo alikuwa hajui. Kule Lubudi, akilima mihogo ya mjomba, aliamini kwamba alimwokoa mdogo wake. Nani amwambie kwamba mdogo wake alikuwa Mutoshi na radio sikioni, kwamba alitoa jina lake, kazi yake na timu yake, na chini hapakuwa na mtu? Trésor alikataa kwenda, aliona haya. Nilikwenda mimi.

Nilimkuta shambani. Nilimweleza wima, bila kuzungusha: mlango uliofungwa, kamba kavu, mawe yaliyoanguka, wale wa zamani. Kabulo alisikiliza ameegemea jembe. Aliuliza kitu kimoja tu, kama nina hakika kwamba Trésor hakuvunja kiapo. Nikamwambia nina hakika. Akacheka, machozi yakamtoka, akajifuta kwa mkono wa kushoto.

"Basi iko bien, tata," alisema. "Na bale bengine, bale benye kugonga, nabo hawakuangukiwa mara ya pili."